Kusakinisha Python kwa Kisimamizi cha Matoleo

Kisimamizi cha matoleo ni programu inayoweka matoleo kadhaa ya lugha moja ya programu katika kompyuta moja, kisha kuamua ni lipi litumike kwa kazi ipi. Node.js ina nvm, Ruby ina rbenv, na Python ina pyenv, inayoelezwa hapa.

Haja yake inatokana na kasi ya lugha yenyewe. Python hutoa toleo jipya kila Oktoba, na kila toleo hutunzwa kwa takriban miaka mitano. Python 3.8 ilifikia ukomo mwaka 2024. Toleo la 3.12, la Oktoba 2023, liliondoa moduli ya distutils ambayo maktaba nyingi za zamani ziliitegemea. Kwa hiyo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere, Butiama, akirithi programu ya takwimu za mvua iliyoandikwa miaka kadhaa nyuma, anaweza kukuta haifanyi kazi katika kompyuta mpya. Akipandisha au kushusha Python ya Ubuntu yenyewe anajiletea balaa, kwa sababu zana kadhaa za mfumo huo zinaitegemea.

Pyenv haiigusi Python hiyo. Matoleo yake hukaa katika folda ya .pyenv ndani ya akaunti ya mtumiaji. Amri ya python inapoandikwa, pyenv huipokea kwanza na kutafuta toleo linalotakiwa: huangalia faili la .python-version katika folda ya kazi na zilizo juu yake. Lisipokuwepo, hutumia toleo la jumla lililochaguliwa kwa pyenv global.

Katika Ubuntu, maandalizi huanza na kompaila ya gcc, make, na maktaba za OpenSSL, zlib, libffi, readline, SQLite na bzip2. Hatua hii huhitaji nywila ya msimamizi, na ndiyo inayorukwa mara nyingi. Pyenv hujenga Python kutoka kwenye msimbo wake, hivyo OpenSSL ikikosekana usakinishaji hushindwa; zlib nayo ni ya lazima. Kisha pyenv huchukuliwa kutoka GitHub, mistari yake ya kuanzia huongezwa kwenye faili la .bashrc, na terminali hufunguliwa upya.

Amri zinazofuata ni mbili. Ya kwanza, pyenv install 3.12.4, hupakua msimbo na kuujenga. Ya pili, pyenv local 3.12.4, huandikwa ndani ya folda ya kazi na kuunda faili la .python-version. Amri ya python --version huthibitisha matokeo. Baada ya hapo python -m venv hutengeneza mazingira ya maktaba za kazi hiyo pekee, maana pyenv hutenganisha matoleo ya lugha, si maktaba.

Msimbo wa Python una takriban megabaiti 20, na kuupakua upya kwenye kila kompyuta hula bando bure. Folda ya cache ikiundwa ndani ya .pyenv kabla ya kusakinisha, faili lililopakuliwa hubaki humo. Faili la Python-3.12.4.tar.xz likipakuliwa Musoma linaweza kubebwa kwa flashi hadi Bunda au Butiama na kuwekwa katika folda hiyo; pyenv itakagua kwamba halijaharibika wala kubadilishwa, kisha kulitumia bila kulipakua tena. Umeme ukikatika katikati ya ujenzi, ujenzi huanza upya lakini upakuaji haurudiwi.

Kwenye Windows, pyenv hufanya kazi ndani ya WSL, sehemu ya Windows inayoendesha Linux; nje yake hutumika pyenv-win, ambayo ni mradi tofauti.

Faili la .python-version lihifadhiwe pamoja na msimbo wa kazi katika Git, ili kila atakayeipokea ajue toleo la kusakinisha. Toleo lisilohitajika tena huondolewa kwa pyenv uninstall, na mengine hubaki yalivyo.