Maneno ya Moto katika Ufundi wa Aloi za Kobalti

Nia ya makala haya ni kueleza tatizo moja la istilahi, ambalo huonekana dogo mpaka ligusapo mwili wa mtu.

Kobalti, ambayo huchimbwa kwa wingi Kolwezi katika nchi ya Kongo, ikichanganywa na kromi na molibdeni hutoa aloi isiyoliwa upesi na kutu, nayo hutumika kwa viungo vya nyonga na fremu za meno bandia. Siku hizi vifaa hivyo vyaweza kufanywa kwa leza. Unga wa aloi hutandazwa tabaka juu ya tabaka, na mwali huziunganisha. Kazi hii imezoea kuitwa kwa jina lenye maana ya kugandamanisha unga pasipo kuuyeyusha. Lakini kwa kweli unga huyeyuka, kisha hupoa ghafula. Kupoa huko huacha mkazo ndani ya kifaa, nacho chaweza kupinda. Ndiyo sababu hurudishwa motoni.

Hapo ndipo lugha inapojaribiwa. Mhunzi wa Nkololo, katika Bariadi, akitia shoka la chuma cha pua motoni hata likawa jekundu, kisha akalitosa majini, hutaraji makali yawe magumu. Aloi ya kobalti itokayo kwenye leza, ikipashwa moto kadiri ya nyuzi 1150 za Selsiasi, kisha ikapozwa ghafula, huenda kinyume: fuwele zake hujipanga upya, ikawa laini zaidi, tena yavumilia kukunjwa. Bali ikikaa saa kadhaa katika nyuzi 750 hivi, huelekea kuwa ngumu na kupungua unyumbufu.

Basi tendo ni moja, matokeo ni mawili. Hatuwezi kukiita kila kitoswacho majini kuwa "kimekazwa". Tena neno hilo lagongana na "mkazo", ambao ndio tutakao kuuondoa. Twapendekeza tendo litengwe na matokeo yake: "kupasha moto" na "kupoza ghafula" yawe majina ya tendo, "kutuliza mkazo", "kulainisha" na "kutia ugumu" yawe majina ya matokeo, na kiasi cha joto na muda vitajwe daima.

Fundi aliyesoma neno lisilo sahihi hatatambua kosa lake kwa macho, kwani kifaa king'aacho hakionyeshi undani wake. Atakayelitambua ni mgonjwa, siku kitakapovunjika.