Samaki Ndani ya Grafu

Tuseme tunataka kuonyesha Ziwa Nyasa lilivyo ndani, kuanzia juu ya maji mbele ya Mbamba Bay hadi kwenye kina chake kikubwa kabisa, karibu mita 700. Grafu ya kawaida itatupa mstari wa oksijeni unaopungua kadiri tunavyoshuka, hadi unakwisha takriban mita 250. Chini ya hapo maji huchanganyika na ya juu polepole mno, na samaki hawaishi. Mwanasayansi ataridhika. Mvuvi wa Liuli, anayewajua dagaa na mbasa kuliko watu wengi wa maabara, ataona mstari tu. Lakini mchore kila samaki kwenye kina chake, na karatasi hiyohiyo itamwonyesha kwamba karibu theluthi mbili ya kina hicho haina kitoweo.

Wengi huchora grafu kwa programu, kisha hubandika samaki kwa mkono. Vipimo vipya vikija, mstari unasogea, samaki anabaki alipokuwa, na grafu inadanganya. Dawa yake ni kumfunga samaki kwenye namba.

Kwa kazi hiyo vekta ndiyo inayofaa. Picha ya simu ni vitone, ukiikuza sana inaharibika. Mchoro wa vekta ni maelekezo: anzia hapa, pinda hivi, ishia pale. SVG, aina ya faili za vekta iliyopitishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2001, huyaweka maelekezo hayo kwa maandishi ya kawaida. Na mpindo wa tumbo la samaki huchorwa kwa hesabu ileile aliyoitumia Pierre Bézier kusanifu bodi za magari ya Renault!

Matplotlib, maktaba ya kuchorea grafu kwa lugha ya programu ya Python, iliyotolewa mwaka 2003 na John Hunter, Mmarekani aliyekuwa akitafiti ubongo, huandika SVG lakini haisomi. Inabidi uchomoe maelekezo ya umbo kwenye faili, uyageuze yaeleweke kwa maktaba hiyo, ndipo umtie samaki majini. Hapo pana mtego. SVG huhesabu kutoka juu kwenda chini, grafu kutoka chini kwenda juu. Usipogeuza, samaki ataelea tumbo juu, na Nyasa nzima inajua maana ya samaki wa namna hiyo. Kina cha ziwa nacho huhesabiwa kwenda chini, hivyo mhimili wa grafu ugeuzwe pia, lakini hilo halimgeuzi samaki ambaye ukubwa wake haufuati mhimili; umbo lake ligeuzwe peke yake.

Ukubwa ni shida zaidi. Kwenye grafu yenye urefu wa sentimita 14, kila sentimita ni mita 50 za maji. Dagaa wa sentimita 10 angetoka na urefu wa milimita 0.02, haonekani. Kwa hiyo mahali pake paamuliwe na data, ukubwa wake uamuliwe na karatasi. Programu inaruhusu kutenganisha mambo hayo mawili. Mpaka wa oksijeni, kwa upande wake, ufuate data tu. Nami ningeandika pembeni kwamba samaki wamekuzwa, la sivyo mwanafunzi wa Lituhi mwenye rula atapima dagaa wa sentimita mbili, apige hesabu yake vizuri, na kupata dagaa wa mita 100.