Siri ya Mwili Ikitoka Hairudi



Tukitembelea vikundi, mara nyingine tunakuta daftari la mikopo liko wazi mezani. Kando ya jina la mama fulani imeandikwa: “Dawa za ukimwi.” Aliyeandika hakuwa na nia mbaya. Lakini jirani akisoma, huyo mama ataficha wapi uso wake?

Ukiibiwa namba ya siri ya simu, unaibadilisha. Mboni ya jicho na damu huwezi kubadilisha.

Mwaka 2023 watu wengi Nairobi walipanga foleni wapigwe picha ya mboni na mradi wa Worldcoin, wapate sarafu za kompyuta za thamani ya kama shilingi 7,000. Agosti mwaka huo serikali iliusimamisha. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru habari hizo za mwili zifutwe.

Huko Marekani, watu walipeleka mate yao kwa kampuni ya 23andMe wajue asili yao. Mwaka 2023 wezi walifungua akaunti kama 14,000, kwa kuwa wenyewe walitumia neno moja la siri kila mahali. Kwa vile akaunti ziliunganisha jamaa na jamaa, wezi walifikia habari za watu karibu milioni 6.9. Kumbe mlango wa mmoja ukiachwa wazi, ukoo mzima umeibiwa!

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu habari za afya na za mwili kuwa nyeti. Una haki kuelezwa zinatakiwa za nini, kuziona, na kudai zirekebishwe ama zifutwe. Ukidhulumiwa, lalamika kwa ofisi ya Kamishna wa Data.

Basi tufanye hivi:

1. Katika daftari tuandike “matibabu” tu, na tulifungie kwa sanduku.

2. Simu ya kikundi iwe na namba ya siri, na isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mwekahazina. Habari za mgonjwa tusizisambaze kwa simu.

3. Mtu akitaka damu, mate ama picha, tumuulize: Ni ya nini? Itawekwa wapi? Nani ataiona? Nikikataa je?

Hatusemi mtu akatae kupimwa hospitalini. Daktari hatibu asichokijua. Tunasema tuulize kwanza.

Ya kujadiliana: Usiku wa leo daftari letu linalala wapi? Ufunguo anao nani?