Taa za remorki: tusiunge waya ovyo

Wanamemba wa koperative, kwa gari za zamani fundi aliunga waya za remorki moja kwa moja kwa taa za nyuma. Kwa gari za sasa, hapana. Kompyuta ya gari inapima umeme wa kila taa. Balbu mbili za breki, wati 21 kila moja, zinaongeza karibu ampea 3.5. Kompyuta inaweza kukata taa njiani usiku, ao kuungua. Na bei yake ni kali.

Muombe fundi aweke kisanduku cha relee. Umeme utoke kwa batri, upite kwa fizible yake. Waya za gari zitoe alama tu. Kwa prizi ya matundu 7, waya nyeupe ndiyo masi: ikazwe vizuri. Mbele ya kupakia mihogo, jaribuni taa zote.