Kasese kwa Gari la Umeme: Tatizo Liko Kwenye Maegesho

Gari la umeme likitajwa tu, swali la kwanza huwa lilelile: chaji ikiisha njiani, itakuwaje? Kwa mkazi wa Kampala swali hilo lina jibu jepesi, maana nyumbani hakuko mbali. Kwa mtu wa Kasese au Bwera, magharibi mwa Uganda, lina uzito. Kutoka Kampala, njia ya Mubende ina kilomita karibu 300 hadi Fort Portal, nyingine 75 hivi hadi Kasese mjini, kisha karibu 60 kupitia Kikorongo hadi mpakani Mpondwe. Anayezunguka kwa Masaka, Mbarara na Ishaka, akashuka Kichwamba na kuvuka daraja la Katunguru, hufika Kasese akiwa amekwenda zaidi ya kilomita 400. Hata hivyo, ukiikokotoa safari hiyo kwa utulivu utaona kwamba magari yaliyopo sokoni leo yanaiweza. Kinachoikwamisha kiko pale gari linaposimama: kwenye ua wa hoteli, kwenye lango la hifadhi, kwenye foleni ya forodha. Tukiweka umeme mahali ambapo magari tayari yanalala na kusubiri, barabara ya Kasese itafunguka kabla hata ya vituo vikubwa vya kuchaji kujengwa.

Tuanze na hesabu yenyewe. Betri ya gari hupimwa kwa yuniti zilezile, yaani kilowati-saa, tunazonunua kwa mita ya Yaka. Nissan Leaf ya 2018 ina betri ya yuniti 40. Magari mengi mapya yana 60 au zaidi. Gari dogo la umeme hutumia yuniti 15 hadi 20 kwa kila kilomita 100, kutegemea mwendo na mzigo. Kwa hiyo betri ya yuniti 40 ikiwa bado nzima hutoa kilomita 200 na ushee, na ya yuniti 60 hupita 300. Mwenye gari la betri ndogo atahitaji kituo kimoja kirefu katikati, tuseme Kyegegwa. Mwenye betri kubwa ataongeza kidogo tu Fort Portal. Kitakachomvuruga dereva ni haraka yake mwenyewe. Upinzani wa hewa hupanda kwa kasi kubwa kuliko mwendo wenyewe: ukiongeza mwendo mara mbili, upinzani unakuwa mara nne. Anayekwenda kilomita 80 kwa saa atafika mbali kuliko anayekimbiza 110, na kwa barabara yenye matuta kila penye senta ya biashara, tofauti ya muda si kubwa kama inavyodhaniwa.

Wengine husema: sawa, lakini kwetu ni milimani. Hoja hiyo inastahili jibu la namba. Kasese iko kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, mita 1,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Fort Portal iko karibu mita 1,500. Kulipandisha gari lenye uzito wa kilo 1,900 pamoja na abiria, mita 500 kwenda juu, kunadai yuniti 2.6 zaidi ya zile ambazo lingetumia tambarare. Hizo ni sawa na kilomita 15 hivi za barabara tambarare. Si kidogo, lakini hazimlazi mtu porini. Na zipo habari njema kwa anayekuja upande wa pili. Gari la petroli likishuka kutoka Fort Portal kuelekea Hima, dereva hukanyaga breki na nguvu yote ya mteremko huishia kuwa joto kwenye magurudumu. Gari la umeme, mguu ukiondolewa kwenye kikanyagio, hugeuza mota yake kuwa jenereta: magurudumu yanaizungusha, umeme unarudi kwenye betri, gari linapunguza mwendo, na breki zenyewe hazijaguswa. Haurudi wote, lakini sehemu kubwa ya kile kilichotumika kupanda huokolewa. Joto la bondeni lina madhara zaidi kuliko mlima, kwa sababu betri huchakaa haraka ikipata joto, hasa kwenye Leaf hiyo ya 2018, ambayo betri yake haina mfumo wa kupozwa kwa maji. Dawa yake haina gharama: kivuli, na kutochaji kwa kasi mara tu baada ya mwendo mrefu wa mchana.

Sasa tufike kwenye maegesho. Kuna njia tatu za kulisha betri. Chaja ya kasi, ya kilowati 50 na kuendelea, hujaza sehemu kubwa ya betri ndogo ndani ya saa moja hivi, lakini ni ghali na inahitaji laini kubwa ya umeme pamoja na transfoma ya kuihimili. Chaja ya ukutani ya kilowati 7 hujaza yuniti 40 kwa masaa sita. Soketi ya kawaida ya pini tatu hutoa kilowati mbili hivi, na betri hiyohiyo itahitaji masaa 20 ikiwa tupu kabisa. Mjadala wetu wote umeganda kwenye ile ya kwanza, kwa kuwa tumezoea kituo cha mafuta: ingia, jaza, lipa, ondoka. Lakini tazama safari za Kasese zilivyo. Mtalii anayekwenda Hifadhi ya Queen Elizabeth hulala usiku mmoja au zaidi. Anayepanda Rwenzori kwa njia ya kati huliacha gari upande wa Nyakalengija kwa karibu juma zima, na hapo hata soketi ya kawaida inatosha na kubaki. Mfanyabiashara anayesubiri karatasi za mzigo wake Mpondwe hukaa masaa, na mara nyingine hulala Bwera. Afisa wa wizara aliyekuja kukagua shule hushinda ofisini wilayani. Wote hao wana muda ambao gari limesimama bure. Masaa manane ya usiku kwenye chaja ya ukutani humpa msafiri kilomita za kumtosha kuondoka asubuhi, na hakupoteza hata dakika moja kuisubiri.

Umeme wa kufanya hivyo upo, na upo karibu kuliko wengi wanavyofikiri. Mito inayoshuka Rwenzori imefungwa mitambo ya kufua umeme: mitatu kwenye mto Mubuku, yenye megawati 5, 10 na 13, na mwingine wa megawati 9 na ushee kwenye mto Nyamwamba. Kwa pamoja mitambo hiyo minne ina uwezo unaopita megawati 35. Chaja 20 za kasi zikifanya kazi zote kwa wakati mmoja zingekula megawati moja. Chaja 20 za ukutani hazifiki hata sehemu ya sita ya hapo. Kitaifa, bwawa la Karuma la megawati 600 lilizinduliwa rasmi 2024 na kuufikisha uwezo wa nchi juu ya megawati 2,000, wakati matumizi ya saa za kilele yalikuwa kama nusu yake. Usiku wa manane, matumizi hushuka zaidi. Gari linalochajiwa kuanzia saa sita usiku linakunywa umeme ambao nchi inao na haina wa kumuuzia.

Hapo ndipo pingamizi zito zaidi linapoingia: umeme upo kwenye mitambo, lakini nyumbani unakatika. Ni kweli, na makala inayolipita jambo hilo haimtendei haki msomaji. Laini hukatika kwa mvua, nguzo huanguka, na Nyamwamba ikifurika kama ilivyofurika Mei 2013 na tena Mei 2020, hata barabara na hospitali huharibika. Lakini kukatika kwa umeme kunaumiza zaidi kile kinachohitaji umeme sasa hivi: friji ya chanjo, kinu cha mahindi, kompyuta ya ofisi. Gari lililoegeshwa masaa kumi na linalohitaji sita lina nafasi ya kupoteza manne. Umeme ukirudi saa tisa usiku, linaendelea lilipoachia. Wenye hoteli wasiotaka kubahatisha wanaweza kuongeza paneli za jua, na hilo si la kufikirika tu: mwaka 2024 pikipiki ya umeme ya kampuni ya Roam ya Nairobi ilisafiri karibu kilomita 6,000 hadi Stellenbosch, Afrika Kusini, ikichajiwa kwa paneli zilizobebwa na msafara wake. Kisichofaa ni jenereta ya dizeli. Anayechajia gari kwenye jenereta ananunua mafuta yaleyale kwa njia ndefu zaidi.

Lipo pia jambo dogo ambalo lisiposimamiwa litaleta moto. Birika la umeme huvuta mkondo mkubwa kwa dakika nne, kisha huzima. Gari huvuta mkondo unaokaribia huo usiku kucha. Soketi iliyolegea, au waya mwembamba wa kurefushia ulioachwa umeviringishwa, hupata moto taratibu mpaka plastiki inayeyuka. Kwa hiyo hoteli inayotaka kupokea magari haya imwite fundi mwenye leseni, ivute laini ya peke yake kutoka kwenye boksi kuu, iweke kikata-umeme chake na ethi ya uhakika, na kama inaweza, mita yake. Hiyo mita ndiyo itakayomaliza ugomvi wa malipo.

Kuhusu malipo, husemwa kwamba haya ni magari ya matajiri. Bei ya kununua kweli bado ni kikwazo. Lakini gharama ya kutembea inasema jambo jingine. Yuniti ya matumizi ya nyumbani imekuwa karibu shilingi 800 katika miaka ya karibuni, na lita ya petroli karibu shilingi 5,000. Gari la petroli linalokunywa lita 10 kwa kilomita 100 linatumia shilingi 50,000. La umeme, tukihesabu yuniti 20 pamoja na zinazopotea wakati wa kuchaji, linatumia 16,000. Mwenye gari la kwenda kanisani Jumapili hatairudisha tofauti hiyo upesi. Lakini mwenye teksi inayokwenda Fort Portal na kurudi kila siku, kilomita 150, anaokoa zaidi ya shilingi 50,000 kwa siku, na hana oili ya injini ya kubadilisha. Faida ya kwanza iko kwa anayetembea sana, na Kasese ina watu wengi wanaotembea sana kuliko matajiri.

Pingamizi la mwisho linatoka kwenye ardhi yenyewe, na hapa Kasese ina haki ya kusema. Mji huu ulikuzwa na shaba. Reli kutoka Kampala ilifika 1956 kwa ajili ya mgodi wa Kilembe, na mgodi uliposimama mwanzoni mwa miaka ya 1980 uliacha nyuma milima ya masalia. Kuanzia 1999 hadi 2013, kampuni ya Kasese Cobalt iliyachakata masalia hayo kwa kutumia bakteria wanaoyayeyusha madini, ikatoa kobalti, madini yaleyale yanayotiwa kwenye betri nyingi za magari. Wakazi wa kando ya Nyamwamba wanajua masalia hayo yalivyouchafua mto, na ng'ambo ya mpaka wa Mpondwe, ndani ya Kongo, kusini mwa nchi hiyo, ndiko inakotoka sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, ikichimbwa mara nyingi katika hali mbaya. Anayeliita gari la umeme safi bila kueleza hayo anadanganya. Bado mizani inaelemea upande mmoja. Petroli huchimbwa na kuchomwa kila siku, haina marudio. Madini ya betri huchimbwa mara moja na yanaweza kuchakatwa tena. Betri za aina ya chuma na fosfeti, zinazozidi kuenea, hazina kobalti kabisa. Na katika nchi ambayo sehemu kubwa ya umeme wake hutoka majini, kila yuniti inayoingia garini ina moshi mdogo sana nyuma yake.

Kuanza bila miundombinu kamili si jambo geni katika historia ya magari. Mwaka 1888, Bertha Benz alipoendesha gari la mumewe kutoka Mannheim hadi Pforzheim huko Ujerumani, safari ya kilomita zaidi ya 100, hapakuwa na kituo cha mafuta popote duniani. Alinunua mafuta kwenye duka la dawa katika mji wa Wiesloch. Vituo vilifuata magari, havikuyatangulia. Ethiopia, yenye umeme wa maji kama sisi, ilipiga marufuku 2024 kuingiza magari ya petroli na dizeli, hali vituo vyake vya kuchaji vikiwa bado vichache. Uganda haihitaji kwenda kwa ukali huo. Lakini nayo imekuwa ikitengeneza magari haya tangu Chuo Kikuu cha Makerere kilipoonyesha Kiira EV mwaka 2011, na ni ajabu kama gari lililobuniwa Kampala litashindwa kufika Bwera kwa kukosa soketi.

Kazi iliyobaki ni ndogo na inaweza kugawanywa. Hoteli nne au tano kati ya Mubende na Mpondwe, kila moja ikiwa na chaja mbili za ukutani, zinatosha kuifanya safari hii kuwa ya kawaida. Mamlaka ya wanyamapori inaweza kuweka nyingine kwenye malango ya hifadhi, na wilaya ikaweka kwenye maegesho ya ofisi zake na pale Mpondwe. Chaja ya kasi moja Fort Portal, kwa walio na haraka, inaweza kuja baadaye, magari yakishakuwa ya kutosha kuilipa. Msafiri naye afanye sehemu yake: apige simu hotelini kabla ya kuondoka na kuuliza kama wana laini ya kuchajia, kama anavyouliza maji ya moto na chakula cha jioni. Swali hilo likiulizwa mara kwa mara, mwenye hoteli ataliona kuwa ni biashara, na fundi ataitwa.