Treni ndogo ya batri: namna ya kuweka swichi na kuchaji bila kuunguza nyumba

Kutengeneza gari kwa kopo la maziwa na magurudumu ya kambambili iliyozeeka si kitu kigeni kwa watoto wa kwetu. Na wale wanaokaa kando ya reli, kutoka Kalemie kupita Nyunzu, Kabalo na Kongolo mpaka Kindu, wameona lokomotive kwa macho yao. Si ajabu mtoto wa pale akitaka kuiga ile mashine kuliko kuiga gari. Reli yenyewe ni ya zamani: kipande cha Kindu–Kongolo kilimalizika 1910, kile cha Kabalo–Kalemie 1915. Lokomotive za huko zinakunywa mazutu. Ile ya mtoto inaweza kutembea kwa batri.

Siku hizi mota ndogo inapatikana kirahisi katika lekteri ya DVD iliyokufa au redio ya kaseti, na batri inatolewa katika ordinateri ya okazyo isiyowaka tena. Mota inavuta gurudumu kwa kamba ya mpira, kopo linageuka kichwa cha treni, jioni moja kazi imeisha. Kutembea si shida. Shida inaanza siku batri imeisha nguvu na inaomba kujazwa. Pale ndipo watu wanakata waya ya chaja ya simu, wanashikisha nyuzi mbili moja kwa moja kwenye batri, wanaenda kulala. Makala hii ni juu ya pale.

Batri hii si ile ya tochi ya zamani

Ukifungua batri ya ordinateri utakuta ndani vipande vya mviringo, kila kimoja unene milimita 18 na urefu milimita 65. Ndiyo sababu vinaitwa 18650. Ni batri za lityumu. Kila kimoja kinatoa karibu volti 3.7. Kikijaa kinafika volti 4.2, na hapo ni mwisho. Kikishuka chini ya volti 3 kimeisha, na kukilazimisha kushuka zaidi ni kukiharibu.

Batri ya tochi za zamani, zile za kutupa, ikiisha unaitupa na hakuna habari. Hii ya lityumu iko na adabu yake. Ukiipita volti 4.2, ndani yake kunaanza joto, joto linaleta joto lingine, na inaweza kupasuka na kutoa moto. Tena ina nguvu kuliko sura yake: waya ya plus ikigusa ile ya minus bila kitu katikati, waya nyembamba inakuwa nyekundu kabla haujasema neno.

Na hatuwezi kusema ni kitu cha wageni. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka kwetu, Lualaba na Haut-Katanga. Inaenda ng'ambo, inawekwa katika batri, kisha inaturudilia ndani ya ordinateri ya okazyo. Heri tujue namna ya kuishika.

Kipande cha kuchajia

Chaja ya simu unayochomeka ukutani, kwa kusema kweli, haichaji. Kazi yake ni kushusha umeme wa nyumba mpaka volti 5, basi. Kinachochaji ni kipande kilicho ndani ya simu: kinapima batri, kinaachia umeme kwa kipimo, na kinakata batri ikijaa. Ukikata waya na kuishikisha kwenye batri wazi, umeondoa mwenye kupima. Volti 5 zinaendelea kusukuma batri inayotaka 4.2.

Kwa hiyo treni inaomba kipande chake. Kuko kimoja kidogo, ukubwa wa kidole gumba, chenye namba TP4056. Mafundi wa simu wanakijua na bei yake si kubwa. Kinapokea volti 5, kinapeleka kwenye batri mpaka ampere 1, na umeme unaoingia ukishuka mpaka sehemu moja ya kumi ya ule wa mwanzo, kinasimama. Taa nyekundu ni kusema kinachaji. Ikigeuka bulu au kijani, kimemaliza.

Angalia vizuri wakati wa kununua, maana kuko aina mbili zinazofanana. Ile ya bei ya chini inachaji tu. Ile nzuri iko na alama B+, B−, OUT+ na OUT−. Hiyo inachaji na pia inalinda: inakata batri ikishuka sana, inakata waya zikigusana. Kwa kitu cha mtoto chukua hiyo ya pili, hata ukisubiri wiki moja kuipata. Batri inafungwa kwenye B+ na B−, treni inafungwa kwenye OUT+ na OUT−. Ukigeuza plus na minus za batri, kipande kinaungua palepale, kwa hiyo pima kwanza kwa multimetre.

Jambo moja wengi hawalijui: ampere 1 ni nyingi kwa batri ndogo. Batri ya miliampere 2000 inaibeba bila shida. Lakini ile kabatri ka drone au ka ekuta za muziki, ya miliampere 300 hivi, hapana. Juu ya kipande kuna rezistansi ya kilo-om 1.2 inayoamua kipimo hicho. Fundi akiibadilisha kwa ya kilo-om 5, umeme unashuka mpaka karibu miliampere 250. Bado ni mwingi kidogo kwa kabatri hako, lakini hauna hatari ile. Mimi naona ni rahisi zaidi kutafuta batri kubwa. Lokomotive inaomba uzito pia, bila uzito magurudumu yanateleza.

Swichi ya kwanza: kutembea au kuchaji, si vyote viwili

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Tumesema kipande kinajua batri imejaa kwa kuona umeme umepungua. Sasa kama mota inazunguka wakati ule ule, inakula umeme bila kukoma. Kipande kinadhani batri bado ina njaa. Hakitasimama. Batri inabaki juu ya volti 4.2 masaa mengi, na taa nyekundu haizimiki hata asubuhi.

Unaweza kumwambia mtoto: zima kwanza, kisha chomeka. Lakini mtoto atasahau, na mkubwa pia atasahau. Ni bora swichi yenyewe ikatae.

Tafuta swichi ya miguu sita, yenye kisimamo katikati. Ndani yake ni kama swichi mbili zinazosukumwa na kidole kimoja: miguu mitatu upande huu, mitatu upande ule. Katika kila upande, mguu wa katikati ndio unaoingia, na unaungana ama na wa mbele ama na wa nyuma. Upande wa kwanza tunaupa kazi ya kuchaji: waya ya plus inayotoka kwenye tundu la chaja inafika mguu wa katikati, na mguu wa nyuma unaenda kwenye plus ya kuingilia ya kipande. Upande wa pili tunaupa kazi ya kutembea: OUT+ inafika mguu wa katikati, na mguu wa mbele unaenda kwa mota. Miguu miwili inayobaki haifungwi kitu. Waya za minus hazipiti kwenye swichi hii: ile ya tundu inaenda moja kwa moja kwenye minus ya kuingilia, na OUT− inaenda moja kwa moja kwa mota.

Ukisukuma nyuma, chaja inafika kwenye batri na mota imekufa. Ukisukuma mbele, mota inaishi na chaja haifiki popote, hata kama mtu ameichomeka. Katikati, vyote vimelala. Batri yenyewe inabaki imefungwa kwenye kipande siku zote. Usiweke swichi kati ya batri na kipande, maana ulinzi unapata nguvu yake kutoka palepale.

Kipande kina tundu lake la USB. Lizibe kwa skochi, la sivyo mtu ataingilia mlango huo na swichi yako itakuwa mapambo.

Swichi ya pili: mbele na nyuma

Mota hizi hazijui mbele wala nyuma. Zinafuata plus na minus. Ukizigeuza, mota inageuka. Chukua swichi nyingine ya miguu sita. Waya mbili za mota zinakaa kwenye miguu miwili ya katikati. Plus inayotoka kwenye swichi ya kwanza na OUT− zinakaa kwenye miguu miwili ya mbele. Kisha unatoa waya kutoka mguu wa mbele wa kushoto mpaka wa nyuma wa kulia, na nyingine kutoka mbele kulia mpaka nyuma kushoto. Waya zinapishana kama alama ya X. Ni hiyo tu.

Hapa ndipo makosa ya kugusanisha plus na minus yanatokea mara nyingi, sababu miguu imekaribiana na risasi ya kuchomea inamwagika. Mafundi wa zamani wana dawa: balbu ndogo ya tochi, ile yenye uzi ndani, si LED. Toa mota, kata njia ya plus mahali pamoja, weka balbu pale katikati, halafu jaribu swichi mbele na nyuma. Balbu ikiwaka bila mota kuwepo, kuko mahali waya zimegusana. Ikibaki giza pande zote, rudisha mota.

Hata baada ya jaribio hilo, weka fyuzi ya ampere 2 karibu kabisa na plus ya batri. Karibu, ni kusema sentimita chache. Fyuzi ikiwa mbali, waya yote iliyo kati yake na batri haina mlinzi. Na usichome risasi juu ya batri yenyewe. Joto la pasi linaiumiza ndani. Tumia yale mabati madogo yaliyobaki juu yake ilipotoka kwenye ordinateri, ao nunua kikalio chake.

Pale hakuna SNEL

Wasomaji wengi hapa wanaishi kwa pano ya jua. Pano inayoitwa ya volti 12, jua likiwa kali na hakuna kitu kilichofungwa, inatoa volti zaidi ya 20. Kipande cha TP4056 hakivumilii zaidi ya volti 8. Hata batri ya gari ya volti 12 inakiunguza. Suluhisho ni lile kachaja ka gari ka USB, kale wanachomeka mahali pa kuwashia sigara: kanachukua 12 kutoka kwenye batri kubwa, kanatoa 5. Kati ya pano na batri hiyo kubwa, regilatere inabaki kazini kama kawaida.

Wengine wanapeleka vitu kwenye kibanda cha kuchajia simu. Treni inaweza kwenda, lakini andika wazi karibu na tundu: volti 5.

Chaji mchana, mtu akiwa macho, juu ya sima au jiwe, mbali na godoro, mustikeri na bidoni ya esansi. Batri ya miliampere 2000 inaomba masaa matatu hivi. Ikivimba, ikitoa harufu tamu ya ajabu, ao ikiwa moto mpaka mkono unakataa kuishika, chomoa chaja na uipeleke nje. Ikiwaka moto, ukishachomoa, mwaga maji mengi na watu watoke, moshi wake ni sumu. Ile uliyoikuta chini ya volti 2 usijaribu kuifufua. Usiitoboe, usiitupe jikoni.

Kwa mzazi asiyetaka haya yote, kuko batri za kuchajika za ukubwa wa zile za telekomande, za nikeli, volti 1.2 kila moja. Tatu kwa mstari zinatoa volti 3.6, mota inazunguka vilevile. Hizo zinatolewa ndani ya treni na kuwekwa katika chaja yao; kile kipande cha lityumu si chao. Swichi ya kuchaji haihitajiki, inabaki ile ya mbele na nyuma.

Treni ikikaa mwezi bila kuchezwa, swichi ibaki katikati, na batri isiachwe imejaa wala tupu: volti 3.7 ao 3.8 inatosha.