Ruta Isiyochungwa Yaweza Kukufungia Duka

Jumatatu ya Juni 24, 2019, saa saba na nusu mchana kwa saa za Afrika Mashariki, tovuti nyingi duniani ziligoma kufunguka. Kampuni ya Cloudflare, inayohudumia tovuti hizo, ilieleza baadaye kuwa hali ilipokuwa mbaya zaidi ilipoteza takriban asilimia 15 ya mawasiliano yake. Hitilafu hiyo ilidumu kwa saa mbili hivi.

Chanzo hakikuwa waya uliokatika baharini. Mawasiliano hayo yalipotoshwa yakapitia kwenye ruta za kampuni ya metali ya Allegheny ya Pennsylvania, Marekani, ambayo ilikuwa imeunganishwa na watoa huduma wawili, DQE na Verizon.

Wafanyabiashara wengi hulipia intaneti kama wanavyolipia umeme, bila kuuliza inapitia wapi. Kisa hiki kinaonyesha kwa nini inafaa kuuliza.

Neno la jirani

Intaneti ni muungano wa makumi ya maelfu ya mitandao inayojitegemea. Mpakani mwa kila mtandao kuna ruta, na kila ruta huwaarifu majirani zake anwani zinazofikika kupitia kwake. Jirani hupokea taarifa hiyo, huchagua njia anayoona bora, kisha huwapasha wengine.

Ni kama habari za bei ya mahindi kutoka Kibaigwa. Mmoja humwambia mwenzake, naye humwambia wa tatu, hadi soko zima linauza kwa bei hiyo. Aliyeanza akikosea, hasara ni ya wote.

Kanuni inayotumika, iitwayo BGP, ilibuniwa mwaka 1989, wakati mitandao ilikuwa michache na wenyewe wakifahamiana. Kwa asili yake huliamini neno la jirani. Leo njia zinazotangazwa zimezidi 900,000.

Siku ile, DQE ilikuwa na chombo kilichokatakata njia kuwa vipande vidogo kwa matumizi yake ya ndani. Vipande hivyo vilivuja hadi kwa mteja wake, Allegheny. Ruta ya mteja ikavipeleka Verizon, nayo Verizon ikavipokea na kuvisambaza duniani.

Dunia ilivifuata kwa sababu ruta hupenda anwani iliyo mahususi zaidi. Mzigo ulioandikwa "Kariakoo" na ule ulioandikwa "Kariakoo, Mtaa wa Congo" haupelekwi kwa namna moja. Mchukuzi hufuata maelezo ya karibu zaidi. Hivyo mawasiliano ya dunia yaliingia kwenye uchochoro usio na nafasi ya kuyapitisha.

Fedha nazo huibwa

Mara nyingine si makosa bali ni wizi. Aprili 24, 2018, wahalifu walitangaza kwa uongo njia za anwani za Amazon zinazotafsiri majina ya tovuti. Wateja wa MyEtherWallet, huduma ya kutunza sarafu za kidijitali, walipelekwa kwenye tovuti bandia, na sarafu zenye thamani ya dola za Marekani 150,000 hivi zikatoweka.

Vivinjari vya wateja hao vilionya kuwa cheti cha tovuti hakiaminiki. Walioibiwa ni wale waliopuuza onyo wakaendelea.

Kufuli za mlangoni

Mhandisi makini hudhibiti mazungumzo ya ruta na majirani kwa njia kadhaa. Kwanza, ruta huongea na majirani waliotajwa tu, tena kwa nenosiri. Pili, huchuja kinachoingia: kwa mteja hupokea anwani zake mteja mwenyewe, basi. Tatu, huchuja kinachotoka, ili njia za mtoa huduma mmoja zisitangazwe kwa mwingine. Nne, huweka kikomo cha idadi ya njia. Jirani akikizidi, mazungumzo hukatwa.

Tano, huhakiki vyeti vya RPKI, vinavyoonyesha ni mtandao upi una haki ya kutangaza anwani fulani. Kwa Afrika, vyeti hivyo hutolewa na AFRINIC, yenye makao yake Mauritius. Kufuli hizi zina umuhimu wa pekee kwenye vituo vya kubadilishana mawasiliano, kama KIXP ya Nairobi na TIX ya Dar es Salaam, ambako majirani ni washindani wa biashara.

Lolote kati ya mambo mawili lingetosha kuzuia mkasa wa 2019 usienee: Allegheny ingechuja kinachotoka, au Verizon ingechuja kinachoingia.

Ufanye nini

Ikiwa duka au ofisi yako ina laini moja, mtoa huduma ndiye mwenye jukumu hilo. Kabla ya kusaini mkataba, muulize kama huchuja njia za wateja na kama amesajili anwani zake kwenye RPKI. Asiyeweza kujibu hajajiandaa.

Ikiwa una laini mbili na ruta yako inatangaza njia kwa BGP, fundi wako akuonyeshe orodha ya kinachotoka. Inapaswa kuwa na anwani zako tu. Kwa anayetaka kununua hisa za benki au kampuni ya simu, hilo ni swali zuri la kuuliza kwenye mkutano wa wanahisa.

Na onyo la cheti likitokea unapofungua akaunti yako, funga ukurasa huo mara moja. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.